Nenda Dukani na Koki ya Zamani

Msikilizaji, ile koki ya bafuni inayogeuza maji kutoka bomba la chini kwenda bomba la mvua ikiharibika, usinunue nyingine kwa kukadiria kwa macho. Hesi za nusu inchi za Kiingereza na za Kimarekani zote zina meno 14 kwa inchi, lakini pembe ya jino ni digrii 55 kwa moja na 60 kwa nyingine. Koki yenye hesi tofauti itaanza kuingia vizuri, kisha ikaze. Fundi akilazimisha kwa spana, meno yanasagika na maji yanachuruzika nyuma ya vigae, hadi rangi ya chumba cha pili ifure. Utepe mweupe wa kuzungushia hesi hautibu hilo.

Funga koki kuu, fungua ile mbovu, nenda nayo dukani, ulinganishe hesi, urefu na pete za mpira. Isipolingana, tafadhali usiichukue.