Mutufungulie milango ya kazi

Wababa na wamama wa Rotary, ndugu na dada vijana wa Lubumbashi,

Tunawashukuru. Tangu 1985 Rotary inapambana na polio duniani kote, na watoto wetu wanapata matone. Kazi hiyo iendelee, juu polio haijaisha kwetu.

Lakini leo tuseme juu ya sisi wenye diploma mukononi na bila kazi. Kila tangazo linaomba uzoefu wa miaka. Tutautoa wapi, kama hata staji hatupewe? Anayepita ni mtoto wa fulani.

Mukumbuke mwanzo wenu. Mwaka 1905, kule Chicago, mwanasheria Paul Harris na wenzake watatu walikutana ofisini. Kisha wakazunguka toka ofisi ya mmoja hadi ya mwingine, na jina Rotary likatoka hapo.

Basi mutuzungushe na sisi. Hatuombe makuta. Kila mwanachama apokee kijana mumoja kwa mwezi mumoja, amuonyeshe kazi, kisha amuandikie karatasi ya ushahidi. Majina yabandikwe wazi chuoni, ili kujuana kusichague.

Sisi tutakuja kwa saa, na tutafundisha wadogo wetu yale tutakayojifunza.

Mufungue mulango. Tuko tayari.