Sindano za Kichina na Mama Mwenye Mawazo Mengi

Kama uko jikoni endelea na kazi yako, mradi unanisikia.

Leo tunazungumza juu ya sindano. Sizungumzii zile za chanjo zinazomliza mtoto kliniki. Hizi ni nyembamba karibu kama unywele, hazina dawa ndani, na Wachina wamezitumia kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Wataalamu huiita tiba hii akupancha. Zanzibar ina madaktari wa Kichina tangu 1964, Tanzania bara tangu 1968, na siku hizi mtu wa Nyeri haoni ajabu kusikia kwamba kuna kliniki ya Kichina Nairobi.

Kwa nini nimelichagua jambo hili? Unajua jinsi mambo yanavyokwenda huku kwetu, kutoka Karatina hadi Kerugoya, Nanyuki na Meru. Mama amejifungua salama, wageni wamekuja na uji na kuku, wamekwenda. Baada ya wiki kadhaa anakuwa mkimya. Mtoto akilala yeye halali. Chai inapoa mbele yake. Jirani wanasema ana "meciria maingi", mawazo mengi, na mama mkwe anasema ni uvivu. Kisha mmoja wa chama anashauri: mpelekeni kwa Wachina, wanadunga sindano na mawazo yanaisha. Nyumbani kuna ndama mmoja wa kuuzwa. Je, auzwe?

Kwanza tuupe ugonjwa jina lake. Mtu akikaa majuma mawili au zaidi akiwa na huzuni karibu kila siku, au akikosa hamu ya mambo aliyoyapenda, huku usingizi, chakula na nguvu vikivurugika, huenda ana unyogovu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama 20 kati ya 100 hupata ugonjwa wa akili baada ya kujifungua, na mara nyingi huwa ni unyogovu. Basi mkikaa akina mama 10 kwenye benchi la kliniki, huenda wawili kati yenu wanaumia kimya. Uvivu hauhusiki hapa hata kidogo.

Sasa sindano. Mgonjwa hulala kitandani, mtaalamu humuuliza juu ya usingizi, chakula, choo, hedhi na mambo ya nyumbani. Kisha humdunga sindano chache mikononi, miguuni, kichwani au penginepo, na kuziacha kwa dakika 20 au 30. Maumivu ni kidogo. Wengine huhisi uzito au kama shoti ndogo ya umeme.

Wachina wa kale walisema mwilini mna nguvu inayopita katika njia zake, na ikiziba mtu huugua, hivyo sindano huifungulia njia. Wanasayansi wa leo hawajaziona njia hizo. Wanachokiona ni mishipa ya fahamu. Sindano inapogusa msuli, habari hupanda kwa mishipa hadi uti wa mgongo na ubongo, na ubongo hujibu kwa kutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Mwaka 1977 watafiti walitumia naloksoni, dawa inayozizuia kemikali hizo, na nafuu iliyoletwa na sindano kwa maumivu ya meno ikapungua. Huo ulikuwa ushahidi kwamba kuna jambo linalotendeka mwilini. Wapo pia wanaodhani kwamba sindano hutuliza ile hali ya mwili kukaa macho kama mwizi yuko mlangoni, hali ambayo mwenye unyogovu huijua vizuri.

Lakini maumivu ya jino si huzuni ya moyo. Je, kwa huzuni zinasaidia?

Kaskazini mwa Uingereza watu 755 wenye unyogovu waligawanywa katika makundi, na matokeo yakachapishwa 2013. Kundi moja lilipata sindano mara moja kwa wiki, hadi mara 12. La pili lilipata mshauri wa kuzungumza naye. La tatu liliendelea na matibabu ya kawaida tu. Baada ya miezi mitatu makundi mawili ya kwanza yalikuwa na nafuu zaidi kuliko la tatu. Angalia hapa, mama: sindano na mazungumzo vilikaribiana. Na wengi wao walikuwa bado wanameza vidonge vyao.

Huko Marekani, mwaka 2010, walichapisha utafiti juu ya wanawake wajawazito 150 wenye unyogovu. Baada ya wiki nane, 63 kati ya kila 100 waliodungwa sehemu zilizochaguliwa kwa ajili ya unyogovu walipata nafuu kubwa. Kati ya wale waliokandwa mwili au kudungwa sehemu nyingine, walikuwa 44 kati ya 100. Tofauti ipo, lakini tazama jinsi hao wengine nao walivyofaidika. Mwaka 2018 wataalamu walikusanya tafiti 64 zenye watu zaidi ya 7,000. Waliona kwamba sindano zikilinganishwa na kukaa bila tiba, zinasaidia kiasi. Zikilinganishwa na sindano za uongo, faida inabaki ndogo, na tafiti nyingi hazikufanywa kwa uangalifu wa kutosha.

Mimi nasoma hivi. Sehemu ya nafuu huenda inatoka kwenye sindano. Sehemu nyingine, nadhani kubwa, inatoka kwa kulala dakika 30 bila mtu kukuita, kuguswa kwa upole, na kuulizwa unalalaje na mtu anayesubiri jibu. Ni mama gani mwenye mtoto mchanga anayepata hayo?

Ndiyo maana napenda habari za jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watu wenye unyogovu walikusanywa katika vikundi. Hawakupewa sindano wala vidonge. Walikaa pamoja saa moja na nusu kila wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na mtu wa kwao aliyefundishwa, wakazungumza juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Mwishoni, waliobaki na unyogovu mkali katika vikundi hivyo walikuwa chini ya 7 kati ya 100. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi walikuwa karibu 55 kati ya 100. Na sisi tuna vyama kila kona!

Kwa hiyo ndama asiuzwe kwanza. Kutoka Nyeri hadi Nairobi ni kilomita 150 hivi, na ukienda mara 12 na mtoto mgongoni, nauli peke yake ni mzigo. Anza karibu: Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, Tumutumu, au Consolata Mathari, na jina hilo lisikutishe, hii ni Mathari yetu. Ulizia huduma ya afya ya akili. Ukipewa vidonge, sema kama unanyonyesha; vipo vinavyofaa. Huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha nguvu, na usiviache ghafla.

Kama una uwezo na unataka sindano pia, hakuna ubaya. Ila hakikisha pakiti inafunguliwa mbele ya macho yako, kila sindano inatumika mara moja tu na kutupwa kwenye kisanduku chake, kwa sababu sindano ya kurudia huleta virusi vya ukimwi na homa ya ini. Uliza leseni. Sema mapema kama una mimba. Akikuambia uache vidonge vya hospitali, chukua mtoto wako utoke.

Kuna hali moja isiyosubiri sindano wala kikundi. Mama akisema afadhali afe, au akiogopa kwamba atamdhuru mtoto, au akianza kusikia sauti, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Msifiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kwamba sheria iliyomwadhibu aliyejaribu kujiua inakiuka Katiba.

Na ukifika kwa daktari, usiseme tu kichwa kinauma, maana utapewa dawa ya kichwa na kurudishwa nyumbani. Mwambie hulali hata mtoto akilala, na mwambie ni tangu lini. Mama mkwe, wewe shika mtoto nje wakati wanaongea.