Saa Zilizokosea Pamoja



Sisi tunaokaa kando ya Mto Tana, hapa Wema na vijiji vya jirani, tunayajua maji haya kwa mpunga, kwa samaki na kwa mafuriko. Lakini kabla ya kutufikia, maji haya hufanya kazi nyingine. Huko juu, katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, huzungusha mitambo ya umeme. Na umeme, pamoja na kuwasha taa, waweza pia kuendesha saa ya ukutani.

Wako watu wanaokusanya saa za umeme za zamani na kuzitengeneza upya. Hufuta vumbi, huondoa mafuta yaliyoganda, hubadilisha nyaya zilizochakaa. Nyingi za saa hizo hazitiwi ufunguo. Mishale yake hufuata mapigo ya umeme, ambayo hapa Kenya hutakiwa kuwa 50 kila sekunde. Mapigo yakipungua, saa huchelewa. Kwa hiyo fundi akitundika saa kumi za namna hiyo chumbani mwake, hawezi kuipima moja kwa nyingine. Zote zafuata umeme mmoja, nazo zitakubaliana hata zikikosea.

Jambo hilo lilitokea Ulaya mwaka 2018. Serbia na Kosovo zilikuwa na ugomvi, na umeme uliotakiwa kutoka upande huo haukutimia. Mapigo yakapungua kidogo mno, wala hakuna aliyeona taa kufifia. Lakini tangu katikati ya Januari hadi mwanzoni mwa Machi, saa zinazofuata umeme huo katika nchi 25 zilichelewa karibu dakika sita. Aliyetazama saa ya jikoni, kisha ya chumbani, aliona zapatana, akaridhika. Kumbe zote zilikosea pamoja.

Ndugu zangu, kupatana kwetu si ushahidi kwamba tuko sawa. Mwaka 2012, katika delta hii yetu, wakulima na wafugaji waliinukiana kwa ajili ya maji na malisho. Watu zaidi ya 100 waliuawa, wakiwamo akina mama na watoto. Katika ugomvi wa namna hiyo kila upande huketi peke yake. Baba asema, mjomba aitikia, kijana achukua panga. Nani atamwambia kijana kwamba amepotea, ikiwa saa zote za nyumbani zasema vilevile?

Ndiyo maana katika Kutoka 23:2 Mungu aliwakataza watu wake kuandamana na wengi katika uovu. Wingi wa sauti haugeuzi baya kuwa jema, hata sauti hizo zikiwa za watu wa ukoo wetu, hata zikiwa za kanisa letu.

Basi tufanyeje? Mwaka 1916, Mmarekani mmoja, Henry Warren, alipeleka saa ya pekee katika kituo cha umeme cha Boston. Ilikuwa na mishale miwili juu ya uso mmoja. Mmoja uliendeshwa na umeme wa kituo, wa pili uliendeshwa na timazi, bila kuutegemea umeme ule. Kazi ya mafundi ilikuwa kuurekebisha umeme mpaka mishale hiyo miwili iende pamoja.

Mshale wetu wa pili ni Kristo. Yeye hategemei hasira ya barazani. Katika Mathayo 5:44 ametuagiza kuwapenda adui zetu na kuwaombea. Jioni ya leo, yakianza maneno juu ya mfugaji aliyeshusha ng'ombe malkani, au juu ya mkulima aliyelima hadi ukingoni mwa mto, tusiitikie upesi. Tuulize kwanza: Bwana asemaje? Huenda tukawa peke yetu siku hiyo, lakini tutakuwa na saa ya kweli.

Na aliyekwisha kupotea asikate tamaa. Fundi haitupi saa kwa sababu imechelewa. Huisafisha, kisha huirudisha kwenye majira yake.

Tuombe. Ee Bwana, utupe ujasiri wa kulingana nawe, hata jirani zetu wote wakienda njia nyingine. Utulinde, tusimwage tena damu kando ya mto huu. Amina.