Magimbi ya Bondeni: Maneno kwa Wakulima wa Maramba

Leo nataka kusema nanyi habari za magimbi. Zao hili si geni kwenu. Asili yake ni Asia, nalo lilifika kwetu zamani sana, kabla ya mahindi na muhogo kuletwa kutoka Amerika. Mvua zikikosa, mahindi hukauka. Lakini gimbi lililo katika udongo wenye unyevu hudumu, nawe huchimba kiasi cha kupika siku ile.

Basi, lipandeni hivi. Kwanza, chagueni mbegu yenye afya: machipukizi, au kichwa cha gimbi kilichoachiwa mabua ya sentimeta 20. Pili, masika yakianza, chimbeni mashimo, sentimeta 60 toka shimo hadi shimo, mkatie samadi iliyooza. Tatu, palilieni mapema, mpaka majani yafunike ardhi. Baada ya miezi 6 hadi 12, majani yakipungua na kugeuka manjano, magimbi yamekomaa. Yapikeni yaive sawasawa, maana yasipoiva huwasha koo.

Tena, msipande aina moja tu. Mwaka 1993 ugonjwa wa kuoza majani uliingia visiwa vya Samoa, ambako wakulima wengi walipanda aina moja waliyoipenda. Mashamba yaliharibika upesi, na biashara ya kuuza magimbi nje ikaanguka. Mkiona madoa ya kahawia yenye majimaji, yanayopanuka haraka, kateni jani lile, mliondoe shambani, kisha mwiteni Bwana Shamba.

Neno la mwisho ni zito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kazi zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Mtu atasema, "Babu yangu alilima papa hapa." Ni kweli. Lakini siku zile watu walikuwa wachache na miti mingi. Ukingo ukilimwa leo, udongo huchukuliwa na mvua, kijito hujaa matope, na jirani wa chini hukosa maji safi. Kijito kikikauka, gimbi nalo litaishi wapi?

Kwa hiyo pandeni juu kidogo, nje ya meta hizo, chini ya kivuli cha migomba. Chimbeni mashimo ya kina, mfunike ardhi kwa majani makavu ili unyevu usipotee. Ukingoni iacheni miti. Kazi ni kubwa kidogo, lakini watoto wenu watakuta chakula na maji pia.