Simu Nayo Ina Mlango
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wa maziwa wala tangi la maji. Tunazungumza juu ya simu.

Mama mmoja wa kikundi tunachokitembelea alikopa pesa kwa programu ya simu ili alipe karo. Alipochelewa kulipa, mkopeshaji akaanza kuwapigia watu: shemeji yake, mwalimu wa mtoto, hata mwekahazina. Mama akaona haya, akaacha kuja mikutanoni. Tulimfuata nyumbani. Kumbe siku ile ya kuingiza programu, iliomba kusoma majina na namba zote zilizomo, naye akabonyeza "kubali" bila kusoma. Hakuna aliyevunja mlango, tuliufungua wenyewe.

Tusimlaumu. Mwaka 2023 jijini Nairobi watu walipanga foleni ndefu wapigwe picha ya mboni ya jicho na Worldcoin, wapate sarafu za mtandaoni za kama shilingi 7,000. Agosti hiyo serikali ilisimamisha kazi hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru picha hizo zifutwe. Namba ya siri ikijulikana unaibadilisha. Jicho je, utalibadilisha na lipi?

Sasa tufanye nini?

Kwanza, programu ikiomba kitu, tuulize: ya nini? Mchezo wa watoto wa kupanga matofali una haja gani ya kujua mahali tulipo? Tukatae. Na ruhusa tuliyokwisha kutoa inaweza kuondolewa kwenye mipangilio ya simu.

Pili, kundi la WhatsApp si kabati la kikundi. Nasi tukiri: tuliwahi kutuma humo orodha ya wanachama pamoja na namba za vitambulisho. Tulikosea. Kila aliyemo anaweza kuipeleka mbele. Akiba ya mtu, ugonjwa wake na kitambulisho chake vibaki kwenye daftari la katibu.

Tatu, zile tarakimu sita zinazoletwa na WhatsApp kwa ujumbe ni ufunguo. Asipewe mtu, hata akiandika kwa jina la mwenyekiti. Tuweke pia ile pini ya pili ya WhatsApp yenyewe.

Nne, watoto wanaocheza na wageni mtandaoni wasitaje jina kamili wala shule, wala wasitume picha wakiwa na sare.

Sheria iko upande wetu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatupa haki ya kuuliza habari zetu zinatumiwaje, na ya kulalamika kwa Kamishna wa Kulinda Data. Nazo kanuni za Benki Kuu za 2022 zilimkataza mkopeshaji wa mtandaoni kuwasumbua watu waliomo katika simu ya mdeni.

Yule mama amerudi. Kikundi kilimkopesha, akamaliza deni, na sasa yeye ndiye anayewauliza wenzake: "Umesoma kabla ya kubonyeza?"

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni habari gani za wanachama ziko kwenye simu zetu sasa?
2. Tufute zipi leo, kabla hatujaenda nyumbani?