Zawadi kwa Tusiyemfahamu



Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 9, tunasoma habari za kijana Sauli, aliyetumwa na Kishi baba yake kuwatafuta punda waliopotea. Yeye na mtumishi wake walizunguka milima ya Efraimu na nchi ya Benyamini wasiwaone. Walipofika nchi ya Sufu, Sauli alitaka kurudi nyumbani, maana alihisi kwamba baba yake sasa ameacha kuwawazia punda na anawawazia wao. Mtumishi akamshauri wamwendee kwanza mtu wa Mungu aliyekuwa katika mji ule, huenda akawaonyesha njia. Hapo Sauli akakwama katika jambo ambalo sote tunalijua. Watampelekea nini mtu yule? Mkate ulikuwa umekwisha, na zawadi hawakuwa nayo. Mtumishi akajipekua, akakuta anayo robo ya shekeli ya fedha, kipande kisichofikia uzito wa gramu 3. Wakaona kitafaa, wakaenda.

Tukumbuke kwamba Sauli hakumjua kabisa huyo aliyekuwa akimtafutia zawadi. Alipokutana naye langoni, alimwuliza yeye mwenyewe Samweli nyumba ya mwonaji iko wapi!

Fadhaa hii ya Sauli ni yetu. Desturi zetu hazituruhusu kwenda ugenini mikono mitupu. Kwa mzazi aliyejifungua tunajua la kubeba, na kwa rafiki wa siku nyingi hata papai moja linatosha, kwa kuwa urafiki wenyewe unajazia. Bali kwa mkwe ambaye hatujawahi kumtia machoni, au kwa jirani aliyehamia juzi, tunasimama dukani tumeduwaa. Siku hizi wengi wetu tumejiondolea taabu hiyo kwa bahasha, au kwa kutuma fedha kwa simu. Hatuidharau bahasha, penye msiba ndiyo inayonunua mchele na kulipa gari. Lakini yatupasa kukiri kwamba mara nyingine tunaitoa ili tusilazimike kumfikiri anayepewa.

Ndugu zetu, turuhusuni tuwasimulie lililotupata sisi wenyewe. Miaka mingi iliyopita tulimsindikiza mwenzetu mmoja, kijana wa pwani, kwenda milima ya Usambara kujitambulisha kwa mama wa mchumba wake. Mama huyo alikuwa mjane. Tulichokijua juu yake ni hicho tu, pamoja na jina lake. Asubuhi kabla ya safari tulipita Mtaa wa Uhuru, jijini Dar es Salaam, penye maduka ya khanga, na mwenzetu akachagua doti moja nzuri sana, pindo jekundu na mji wa maua ya mkorosho. Tuliisifu sote. Tuliisifu rangi, tukaishika kuona uzito wa pamba, tukapatana bei. Hatukusoma jina.

Msikilizaji anajua khanga ni nini. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 imekuwa ikichapwa maneno, hapo awali kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kilatini, na wanawake wetu huyachagua maneno hayo kwa uangalifu kuliko wengine wanavyochagua maneno ya barua. Kuna khanga ya kumpa mama, na kuna khanga ya kumpitishia mtu mbele ya mlango ili asome na kuumia. Sisi wanaume wawili, tuliojiona wasomi, tulinunua kitambaa.

Tulifika jioni, baada ya kupanda kutoka Mombo kwa kona zile zisizokwisha. Tukapokewa vizuri, tukapewa chai. Mama alikuwa ameketi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Mwenzetu akaitoa zawadi kwa mikono miwili, mama akaikunjua, na mjukuu wa darasa la pili, aliyekuwa katika umri wa kusoma kila chenye herufi, akasogea na kusoma kwa sauti, silabi kwa silabi. Maneno yale yalimwambia mtu fulani kwamba wivu wake hautamfikisha popote.

Mtoto alipomaliza, hakuna aliyecheka. Baadaye ndipo tulipoambiwa kwamba mawifi wale hawakuwa wamesemezana tangu matanga ya mzee, kwa sababu ya shamba, na kwamba jioni ile walikuwa wameketi pamoja kwa heshima ya mgeni tu. Wifi alikuwa ameanza kujifunga vizuri ili ainuke. Mwenzetu alitoka jasho katika baridi ile. Nasi, tuliokwenda kama wasemaji wake, hatukuwa na neno.

Mama aliitazama khanga kitambo. Kisha akaomba mkasi. Akaikata ile doti katikati, kama inavyokatwa kila doti kabla ya kupindwa, akakunja kipande kimoja na kumwekea wifi yake magotini. "Wifi," alisema, "tugawane hii. Haya maneno hatukuyaandika sisi, wala mtoto huyu hakuyaandika. Wewe utavaa, na mimi nitavaa." Wifi alikipokea kile kipande, akakiweka kwapani, akaaga mapema. Hatutaki kuwadanganya kwamba walipatana usiku ule. Ila hakukirudisha.

Usiku tulikumbuka jambo jingine katika kitabu kile kile cha Samweli, sura ya 17. Sauli sasa ni mfalme. Daudi anataka kumkabili Goliathi, na Sauli anamvika mavazi yake mwenyewe, chapeo ya shaba na darii. Ni zawadi kubwa. Mfalme hana bora kuliko hiyo. Lakini Sauli alikuwa mrefu kuliko watu wote wa taifa lake kuanzia mabegani, na Daudi alikuwa kijana. Akajaribu kutembea, akashindwa, akavua vyote, akaenda kijitoni kuokota mawe matano. Kisha tunasoma kwamba Sauli alipomwona akitoka kwenda vitani, alimwuliza jemadari wake Abneri kijana huyu ni mwana wa nani. Amekwisha kumvika, ndipo anauliza! Yule kijana wa nchi ya Sufu, asiye na mkate, aliuliza kabla hajatoa. Mfalme mwenye kila kitu hakuona haja ya kuuliza kwanza. Tulijiona katika mavazi yale ya shaba, sisi na maua yetu ya mkorosho.

Na tungeweza kuuliza. Mchumba alikuwapo, angetuambia habari za mama yake kwa maneno kumi tu. Muuza duka alikuwapo, naye angetusomea.

Asubuhi tuliamka na ukungu umefunika migomba. Mwenzetu, aliyekuja na shati jepesi la pwani, alikuwa amejikunyata karibu na moto tangu alfajiri. Tulipoaga, mama alitoka ndani na sweta ya kijivu, ya marehemu mumewe, akampa. Mzee yule, tuliambiwa, alikuwa mtu wa mikono mirefu, na mwenzetu ni mfupi. Alipoivaa, mikono ya sweta ilimwishia pale pale penye viganja. Tukatazama kwa ndani, tukaona imekunjwa na kushonwa kwa uzi wa rangi nyingine kidogo, kwa mshono wa mtu aliyeshona kwa mwanga wa kibatari. Alikuwa amemjua kwa usiku mmoja.

Mwenzetu alikubaliwa, na ndoa ikafungwa. Kuhusu shamba hatukuuliza tena, kwani halikuwa letu.

Tumrudie Sauli yule wa kwanza, na ile robo ya shekeli. Alipofika kwa Samweli alipelekwa chumbani mwa karamu, akaketishwa mahali pa juu, mbele ya waalikwa wapata thelathini. Samweli akamwita mpishi, akamwagiza alete lile fungu la nyama aliloambiwa aliweke kando. Mpishi akaleta paja, akaliweka mbele ya Sauli. Lilikuwa limetunzwa kwa ajili yake kabla hajafika, wakati yeye angali njiani akiwaza atatoa nini. Habari ya kipande kile cha fedha haitajwi tena.