Seva Nayo Inahitaji Wakala

(Mada iliyotolewa kwenye mafunzo ya vijana wa chama, Kilwa Masoko)



Nimepewa mada ya kompyuta, na naona wengine mmeshaanza kuchungulia simu. Subirini kwanza. Hii ni mada ya kulinda kura.

Kila uchaguzi tunasema tutajumlisha matokeo yetu wenyewe. Wakala anapata nakala ya fomu, 21A ya Rais, 21B ya Mbunge, 21C ya Diwani, anapiga picha, anatuma. Inaenda wapi? Kwenye seva. Kituoni tumeweka wakala. Je, kwenye seva tumeweka nani?

Oktoba 2015, TACCEO, mtandao wa asasi za kiraia uliokuwa ukiangalia uchaguzi, ulivamiwa na polisi kwenye kituo chake Dar es Salaam. Kompyuta zikabebwa. Kazi ikiwa yote kwenye chumba kimoja, anayekuja kuizuia anahitaji mlango mmoja tu. Watu wa Somanga hili mnalijua kwa barabara. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara pale kwenu, na Lindi na Mtwara zote zikakosa njia ya Dar. Asiyeweza kusubiri azungukie Songea.

Ndiyo maana mafundi hutumia kundi la seva, wanaliita klasta. Seva tatu, sehemu tatu tofauti, kila moja na nakala ya matokeo. Kwa nini tatu na siyo mbili? Kwa sababu ya akidi. Mawasiliano yakikatika kati ya seva mbili, kila moja inadhani mwenzake amekufa, inajitangaza kuwa ndiyo kiongozi, na kila moja inapokea matokeo yake. Watu wa Kilwa siwaelezi chama chenye wenyeviti wawili kinakuwaje! Zikiwa tatu, mbili zinazoonana zina wingi, zinaendelea. Iliyobaki peke yake inanyamaza mpaka irudi kundini.

Sasa nani anaziangalia? Zipo programu za bure: Zabbix, Nagios, Prometheus. Ukitumia Zabbix, kila seva unaiwekea kiprogramu kidogo, na jina lake kwa mafundi ni hilohilo: wakala. Kila dakika anatoa taarifa. Diski imejaa kiasi gani? Kumbukumbu imebaki kiasi gani? Nakala ya mwisho imeingia saa ngapi? Unampa kiwango: diski ikifika asilimia 80, tuma meseji kwa mtu wa zamu. Usingoje 100. Baharia anachungulia maji ya ngama chombo kikiwa bado kinaelea.

Ila seva kuwaka siyo kwamba iko salama. Kenya, uchaguzi wa Machi 2013, mtambo wa Tume ulikuwa ukionyesha kura zilizokataliwa zaidi ya 300,000. Tume yenyewe ikaja kueleza kuwa programu ilikuwa inazizidisha mara nane. Walipohesabu kutoka kwenye fomu, zikawa 108,975. Kwa hiyo na sisi tuuwekee mtambo masharti ya hesabu: kura za kituo zikizidi walioandikishwa, kengele ilie, binadamu aifungue fomu aangalie.

Na kengele ikilia, tafadhali, usikimbilie kuzima na kuwasha. Uliza kwanza: tatizo limeanza saa ngapi? Ni seva moja au zote? Nini kilibadilishwa kabla yake? Soma logu, yaani daftari ambamo seva inaandika kila ilichofanya. Rekebisha kitu kimoja, angalia, ndipo ugusa kingine. Kila unachogusa kiandike, na saa yake.

Logu ni ushahidi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamuru walalamikaji waonyeshwe seva na logu za Tume. Tume haikutimiza amri ipasavyo, na hiyo ikawa sababu mojawapo ya uchaguzi wa Rais kufutwa Septemba 1. Sasa sisi tunaodai Tume ifungue seva, siku tukitangaza hesabu yetu na tukaulizwa logu, tutatoa nini?

Najua kuna anayeuliza: na wakizima intaneti? Hilo swali halali. Oktoba 29, 2025 ilizimwa nchi nzima, siku yenyewe ya kupiga kura. Siku kama ile mtandao wenu ni bodaboda, mashua na simu ya kawaida ya kusomeana namba. Karatasi ya fomu ndiyo mzizi. Asiwepo wakala atakayetuma picha halafu akaitupa fomu.

Naomba mambo mawili. Kila tawi litoe vijana wawili, na mmoja awe binti, wajifunze kazi hii kuanzia sasa, siyo wiki ya kampeni. La pili, tufanye zoezi: tutaingiza fomu za mfano, halafu katikati ya kazi nitachomoa waya wa seva moja bila kuwaambia. Nataka kuona nani anagundua kwanza, wakala wa mtambo au mtu anayelalamika kwenye WhatsApp.

 Maswali karibu.